Zamu ya Jirani

Siku ya kwanza alipoletwa kwenye kituo cha wazee, Bi Opereta aliketi karibu na mlango, mkoba magotini, kama abiria anayeogopa kuachwa na gari. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, alimbembeleza njia nzima. "Mama, jaribu tu. Usipopapenda, hurudi." Naye akamjibu kwamba hana haja ya kukaa na wazee, wanaongea mno habari za magoti. Alisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko nusu ya waliokuwamo, na kwamba goti lake la kushoto lilikuwa likitabiri mvua vizuri kuliko redio.

Kituo chenyewe kilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha makubwa, jiko kwa nyuma, na chumba kidogo cha muuguzi aliyepima presha na sukari huku akigomba. "Bibi, hii presha ni ya mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?" Asubuhi walifanya mazoezi wakiwa wamekaa vitini, mikono juu, mikono chini, na hakukosekana mmoja wa kunyanyua mguu wakati wenzake wananyanyua mkono. Kisha chai. Baada ya chai kila mtu na lake: wa kufuma walifuma, wa drafti walitukanana kwenye drafti, na wa kujifunza simu za kisasa walimzunguka binti mmoja aliyejaliwa subira ambayo Mungu hawapi wengi. Mchana walikula chakula cha moto, na gari la kituo likawarudisha makwao. Wasioweza kutoka nyumbani walipelekewa chakula, na kila asubuhi mmoja wa wazee wenzao aliwapigia simu kuwajulia hali. Huduma hiyo iliitwa Simu ya Salamu, na ndiyo iliyomfanya Bi Opereta aweke mkoba wake chini.

Maana aliisikia ikiharibiwa. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na simu ya mezani, ya zamani, na aliyeikalia alikuwa polisi mstaafu waliyemwita Afande. Alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake ilikuwa ya gwaride. "Halo! Upo? Umekula? Haya!" Kisha mkonga wa simu chini, pwaa. Bi Opereta alivumilia, akavumilia, hadi uvumilivu ukamwishia. Akaenda mpaka pale mezani.

"Afande, unawajulia hali au unawakamata?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mwisho wa wiki ile Afande alikuwa amehamia kwenye drafti, na meza ya simu imepata mwenyewe.

Hakuwa amejidai tu. Tangu usichana wake mpaka nywele zilipoanza mvi, kazi yake ilikuwa kuunganisha simu za watu. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba zamani hukuweza kumpigia mtu bila kupitia kwa mtu, wanadhani unatia chumvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ulinyanyua simu nyumbani kwako, na kule kwenye jumba la simu taa ndogo ikawaka kwenye ubao mkubwa uliojaa matundu. Opereta akachomeka kamba yake kwenye tundu lako, akasema, "Namba tafadhali?" Ukamtajia, akachukua kamba ya pili, akaichomeka kwa huyo unayemtaka. Wasichana walikaa kwa safu mbele ya ubao huo, vipokeasauti vichwani, mikono ikipishana kama ya wasusi. Nyuma yao alitembea msimamizi wa zamu, mama mmoja mnene ambaye viatu vyake, kwa rehema za Mungu, vililia, hivyo walijua alipo.

Sheria zilikuwa nyingi, ila mbili hakuna aliyethubutu kuzivunja. Ya kwanza, simu za binafsi haziruhusiwi kazini. Ya pili, opereta hakati simu. Mteja ndiye anayekata. Akilala kwenye laini, utamngoja. Akilia, utamngoja. Bi Opereta aliishika sheria hiyo hata baada ya kustaafu, kiasi kwamba wanawe walikuwa wakimcheka: ukimpigia mama, ukate wewe, la sivyo mtakesha.

Sheria ya tatu haikuandikwa popote, waliitunga wenyewe. Ukipatwa na jambo, habari mbaya au tumbo la mwezi au hasira ya mchumba, huombi ruhusa kwa yule mama wa viatu, maana hatoi. Unamgusa kwa kiwiko aliyekaa kando yako. Naye atasema, "Nenda, nitakushikia ubao." Kisha atajibu taa zake kwa mkono mmoja na zako kwa mkono wa pili, mpaka utakaporudi na uso uliooshwa.

Aliyekaa kando ya Bi Opereta, kushoto kwake, miaka yote, aliitwa Jirani. Naye alimwita Bi Opereta vivyo hivyo, Jirani. Majina yao ya kweli yalibaki kwenye karatasi za mishahara. Walilishana peremende chini ya ubao, walijua ya ndani ya kila mteja mkubwa wa mji, na hawakutoa siri hata moja nje ya mlango ule. Mama yake Bi Opereta alipofariki, habari ilimfikia katikati ya zamu, na Jirani akashika mbao mbili mpaka jua likazama. Na kijana mmoja karani wa ghala la reli alipoanza kupiga simu nyingi kuliko mizigo aliyokuwa nayo, taa yake, namba ishirini na saba, ilikuwa upande wa Jirani. Ikiwaka tu, Bi Opereta anapigwa kiwiko cha mbavu. "Wako huyo." Karani huyo ndiye aliyekuja kuwa mumewe.

Kisha mashine zikaja, wasichana wakapewa saa ya ukutani kila mmoja na mkono wa kwaheri. Jirani akahamia upande wa pili wa mji kwa bintiye. Wakatembeleana, kisha wakatembeleana kwa nadra, kisha wakawa watu wa kukutana misibani. Msiba wa mwisho ulikuwa wa yule karani mwenyewe. Jirani alikuja, akamkuta Bi Opereta yuko mbioni, anagawa viti, anaelekeza wapishi, anatafuta kamba ya turubai. Watu walimsifu, mama huyu ana moyo wa chuma. Ukweli ni kwamba machozi yalimgomea siku ile, na hayakurudi tena. Alingoja yaje usiku, yaje arubaini ikipita, yaje mwaka ukiisha. Hayakuja. Ndiyo maana akawa anakaa tu sebuleni anatazama kiti kitupu, mpaka mkwe wake akamleta kituoni.

Na Jirani naye akapatwa na ugonjwa wa kusahau. Bi Opereta aliposikia alifunga safari kumtazama. Wakakalishwa sebuleni uso kwa uso, soda mbili katikati. Jirani alimtazama vizuri, akatabasamu lile tabasamu la kupokelea wageni, akamwuliza habari za huko atokako. Halafu akamwinamia bintiye akanong'ona, na mnong'ono wa opereta husikika, "Huyu mama ni nani?"

Bi Opereta hakurudi tena kwenye nyumba ile. Alijiambia ni mbali. Haikuwa mbali, alikuwa anaogopa kuulizwa tena.

Basi asubuhi moja msimamizi wa kituo, mwanamke kijana mwenye haraka, aliyewaita wote bibi na babu kana kwamba ni mjukuu wao wa damu, akamletea namba mpya. "Bibi, huyu ni mama mmoja anakaa na bintiye. Anasahau sana. Msalimie tu kidogo, hata asipoelewa."

Bi Opereta akazungusha namba. Ikaita mara moja ikanyanyuliwa.

"Namba tafadhali?"

Ile "tafadhali" iliyopandishwa mwishoni kidogo, kama mtu anayefungua pazia, hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo.

"Jirani," akasema. "Jirani, ni mimi!"

"Bibi, simu za binafsi haziruhusiwi kazini," ile sauti ikajibu kwa adabu kavu. "Namba tafadhali?"

Afande, aliyekuwa akitega sikio kutoka kwenye drafti, alieleza baadaye kwamba Bi Opereta alicheka na kukunja uso wakati mmoja, kitu ambacho katika utumishi wake wote alikiona kwa washukiwa tu. Lakini mteja akiulizwa namba hutaja namba. Bi Opereta akaomba duka la mikate. "Nakuunganisha," Jirani akasema, kisha akatulia. Na Bi Opereta akatulia. Opereta hakati simu, na kwenye laini ile walikuwa maopereta wawili. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mazoezi yakaisha, chai ikanywewa, mpaka binti wa Jirani alipopita kule nyumbani akaona mkonga uko sikioni mwa mamaye, akaurudisha mahali pake.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kawaida. Kila asubuhi Bi Opereta aliomba namba: daktari, shule ya wasichana, hoteli ya stesheni, fundi saa ambaye alikufa kabla ya mashine kuja. Jirani hakukosea hata moja. Alijua nani hupokea haraka na nani husubiriwa. "Fundi saa anakula saa hizi, mama, jaribu baadaye." Msimamizi alilalamika kwamba simu ya kituo inashikwa asubuhi nzima, muuguzi anashindwa kuita duka la dawa. Bi Opereta akamwambia duka la dawa liko hatua mbili, na muuguzi ana miguu.

Ndani ya moyo wake alikuwa akitafuta kitu kimoja tu. Alikuwa amewaza jambo. Miaka yote ile walikaa bega kwa bega, macho ubaoni. Uso wa Jirani yeye mwenyewe aliujua kwa upande, hereni moja na shavu moja. Kwa nini basi alitaka Jirani aujue uso wake? Aliupeleka uso sebuleni kwa watu, ukakataliwa, akanuna. Walichojuana kwacho ni sauti na kiwiko. Kiwiko hakipiti kwenye simu, lakini sauti ilikuwa inapita kila siku. Iko siku, alijiambia, sauti hii itagonga mlango ulio wazi, ataniita Jirani. Mara moja tu. Akiniita mara moja inanitosha.

Badala yake alikuja binti wa Jirani. Alikuwa mama mtu mzima sasa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipomwona nani amekaa kwenye ile meza akashika kichwa.

"Mama mdogo! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Kaa."

"Sikai." Lakini akakaa. "Mama mdogo, sijui niseme vipi. Mama anaamka kabla ya jogoo, anakaa mbele ya simu. Chai inapoa. Nikimwambia ale, ananiambia yuko zamu. Nikimwambia akalale, yuko zamu. Jana nilipokata simu yenu alinipiga kofi la mkononi. Mama yangu huyu, ambaye hata utotoni hakunigusa." Akafuta pua. "Nimechoka. Kesho kutwa watu wa simu wanakuja kuichukua, nimeshawaambia. Najua mnafanya kwa wema."

Bi Opereta alitaka kugomba, na kugomba alikuweza. Lakini alimtazama yule binti, akaona mtu anayeshika mbao mbili bila wa kumpokea.

"Nipe kesho," akasema. "Nipige kesho tu, kisha sipigi tena."

"Atakujua, unadhani?"

"Sidhani kitu. Nipe kesho."

Kesho yake ukumbi mzima ulijua. Mambo ya kituoni hayafichiki, kuna wazee wasiosikia wakiitwa kula lakini umbea wanausikia ukutani. Mwalimu wa mazoezi aliwaambia mikono juu, ikabaki juu, maana kila mtu alikuwa anatazama dirishani. Bi Opereta alikuwa amevaa gauni la kazini, lile la kola nyeupe, lililokuwa likimbana sasa mahali pote linapoweza kumbana mtu. Usiku alikuwa amepanga maneno: peremende, viatu vya yule mama mnene, siku panya alipopita juu ya ubao na wateja wote wakapigiwa mayowe. Moja kati ya hayo lingemwamsha.

Akazungusha namba.

"Namba tafadhali?"

Na yale yote aliyopanga yakaruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Kinywa kikabaki kitupu, kikasema chenyewe.

"Ishirini na saba. Ghala la reli, tafadhali."

Jibu halikuja upesi kama siku zote. Jirani hakuwa mtu wa kufikiri akitajiwa namba.

"Subiri nikuunganishe," akasema hatimaye. Kisha, "Inaita."

Bi Opereta akasubiri. Alijua ni upuuzi, mwanamke mzima, gauni linambana, anasubiri maiti apokee simu. Alisubiri hivyo hivyo. Akamwona karani wake akija kutoka mwisho wa ghala, anapangusa mikono kwenye suruali, anakimbia kidogo ili asimwudhi opereta.

"Bado inaita," Jirani akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Haipokelewi."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu."

"Jaribu tena, nakuomba."

Pumzi ikaingia na kutoka kule upande wa pili.

"Huyo hatapokea tena, Jirani," ile sauti ikasema. "Pole. Siku ile nilikuja nikukalie kando, nikakukuta unagawa viti."

Bi Opereta akashika ukingo wa meza.

"Hukulia siku ile," Jirani akaendelea, upesi na kwa mnong'ono, kama mtu aliyesikia viatu vikilia nyuma yake. "Nilikuona. Nenda nje ukalie. Nenda, nitakushikia ubao."

Bi Opereta hakukata simu. Aliulaza mkonga mezani, polepole, uso juu, akapita katikati ya viti na mikono iliyosahauliwa hewani, akatoka mlango wa jikoni mpaka nyuma, penye masufuria yaliyoanikwa. Huko akalia. Alimlilia karani wake kwa sauti, kwa kamasi, bila adabu yoyote, vilio vya siku ile na vya siku zote zilizofuata. Mpishi akasogeza masufuria yake kidogo ampe nafasi. Afande alimfuata na kitambaa, akasimama mbali ameyapa mgongo machozi yale, analinda mlango asipite mtu.

Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa. Msimamizi alikuwa amesimama kando ya meza, hajagusa kitu. Bi Opereta akachukua mkonga.

"Mama mdogo?" Ilikuwa sauti ya binti, analia na kucheka. "Upo? Mama amenikataza nisiguse simu. Anasema kuna mtu yeye anamshikia ubao."

"Mtu huyo ni mimi, mwanangu."

"Nimesikia. Nimesimama hapa nimesikia yote." Akavuta kamasi. "Wale watu nitawaambia wasije kuichukua. Lakini mniletee mtu hata siku mbili kwa wiki akae naye, nami nilale. Mnayo huduma hiyo?"

Bi Opereta akamtazama msimamizi, ambaye alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Msimamizi akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi.

"Tunayo," Bi Opereta akasema. "Nitakuja mimi. Weka viti viwili kando kando, vielekee ukutani. Sasa nipe mwenye zamu."

Mkonga ukabadilisha mikono kule.

"Nimerudi, Jirani," akasema.

"Taa zako zote nimezijibu," Jirani akasema. "Hakuna aliyelalamika." Kisha akakohoa kidogo, akaipandisha sauti mwishoni kama anayefungua pazia. "Namba tafadhali?"

Bi Opereta akajifuta macho kwa kitambaa cha Afande, akaketi wima, akaomba duka la mikate.